Ustadh, nani atachukua?

 

Ndugu yangu Muislamu, kwa kawaida nikiandika hapa huanza na aya kisha nikashuka kwenye maisha yetu. Leo nitaanza na simu, kwa sababu jambo lenyewe lilianza na simu, na kwa sababu katika jambo hili mimi mwenyewe nimo.

Ilikuwa Alhamisi usiku, tarehe 6 Februari 2025. Aliyepiga ni kijana niliyemfundisha Maarifa ya Uislamu kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne hapa Dar es Salaam. Sasa anaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mkewe yuko Tanga. Walioana mwaka 2023, na tangu hapo kijana anadunduliza fedha za kumhamishia mkewe kule. Jina lake silitaji. Nimemuomba idhini ya kueleza kisa chake, naye ameniruhusu kwa sharti hilo.

Baada ya salamu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ustadh, nina ombi. Jumapili kuna fainali ya mpira wa huku. Kansas City Chiefs na Philadelphia Eagles. Naomba unifanyie istikhara, nani atachukua."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Kwa wasioujua mchezo huo, niseme mawili matatu. Huu si mpira wetu wa miguu. Wamarekani nao wanauita "football", lakini mpira wenyewe una umbo kama yai, unashikwa kwa mikono, wachezaji wanavaa kofia ngumu na mabega ya bandia, na kazi ya timu ni kusogea mbele yadi kumi katika majaribio manne. Fainali yao inaitwa Super Bowl. Ya kwanza ilichezwa Los Angeles tarehe 15 Januari 1967, Green Bay Packers wakawafunga hao hao Kansas City Chiefs 35 kwa 10. Tangu hapo ni kila mwaka, mechi moja tu, hakuna marudiano. Kwa Marekani siku ile ni kama sikukuu. Watu hualikana majumbani, hupika, na kwa bahati mbaya hucheza kamari kuliko siku nyingine yoyote ya mchezo huo.

Tena si kamari ya nani atashinda peke yake. Watu wanaweka fedha juu ya sarafu inayorushwa kabla ya mechi, itaangukia upande gani. Wanaweka fedha juu ya rangi ya kinywaji atakachomwagiwa kocha wa timu iliyoshinda. Wallahi sizushi. Watu wazima, wenye elimu zao, wanatoa dola kwa ajili ya rangi ya maji ya sukari.

Zamani jambo hili lilikuwa limebanwa. Kulikuwa na sheria ya nchi nzima ya mwaka 1992 iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kamari za michezo, na mtu akitaka kuweka dau kihalali ilibidi afunge safari mpaka Nevada. Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua sheria ile. Majimbo yakakimbilia kodi, moja baada ya jingine. Ohio wakafungua tarehe 1 Januari 2023. Kijana wetu akajikuta Las Vegas imemfuata mfukoni, imekaa ndani ya simu ile ile anayosomea Qur'an akiwa kwenye basi la kwenda kazini.

Alianza kama wanavyoanza wote. Kazini walichangishana dola kumi kumi, akaona aibu kukataa. Akashinda dola sitini. Hapo ndipo msiba ulipoanzia, maana mwenye kupoteza siku ya kwanza huenda akaacha, lakini aliyeshinda siku ya kwanza ameshashikwa. Kufikia Januari 2025, katika dola 4,100 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mkewe, 1,500 zilikuwa zimekwenda, kidogo kidogo, ishirini leo, hamsini kesho. Sasa alitaka kuzirudisha zote kwa mechi moja.

Kwa nini istikhara si ramli

Nilimjibu la istikhara kwanza. Istikhara, ndugu msomaji, ni swala ya rakaa mbili na dua ambayo Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Sahaba kama alivyowafundisha sura za Qur'an, kama ilivyo katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Bukhari. Ndani ya dua ile mja anakiri kwamba Allah anajua na yeye hajui, kisha anaomba achaguliwe lenye kheri na dini yake na maisha yake. Mahali pake ni kwenye jambo la halali ambalo mtu anasitasita: safari, ndoa, kazi, kununua kiwanja. Kwenye haramu haina mahali. Wala matokeo yake si habari. Hakuna ahadi kwamba ukiswali utaoteshwa jezi nyekundu au jezi ya kijani.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu hata hapa mjini kwetu istikhara imegeuzwa ramli. Mtu anapeleka jina la mchumba kwa "sheikh", sheikh anafungua kitabu, anapiga hesabu za herufi, anatoa jibu, anapokea elfu kumi. Hayo ni yale yale ya mishale ya Waarabu wa zama za ujinga. Walikuwa na mishale ndani ya Al-Kaaba, mbele ya sanamu la Hubal. Mtu akitaka kusafiri au kuoa anakwenda kuchomolewa mshale, huu una "fanya", ule una "usifanye". Allah (S.W.) katika Suratul-Maida aya ya 90 ameitaja mishale ile pamoja na ulevi, kamari na masanamu, akaviita vyote uchafu katika kazi za shetani. Angalia kamari na ramli zilivyowekwa ndani ya aya moja. Kijana wangu alikuwa anaviomba vyote viwili katika simu moja, na hakuwa na habari.

Hapo nilikuwa sawasawa. Lakini mazungumzo yakaendelea, na hapo ndipo nilipoteleza.

Aliniambia anawapenda Chiefs. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu ya Husain Abdullah. Huyu ni Muislamu aliyekuwa mlinzi wa timu hiyo. Mwaka 2012 yeye na kaka yake Hamza waliacha kucheza msimu mzima ili waende Hijja. Kisha tarehe 29 Septemba 2014, wakicheza na New England Patriots, Husain alimnyang'anya mpira Tom Brady, akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, akasujudu. Waamuzi wakaiadhibu timu yake yadi kumi na tano kwa utovu wa nidhamu. Kesho yake wakuu wa ligi wakatoka hadharani kusema kwamba adhabu ile ilikuwa makosa, mchezaji anayesujudu kwa ajili ya dini yake haadhibiwi. Nilifurahi kusikia habari ile. Nani asingefurahi? Nikalainika. Kijana akaniambia tena kwamba Chiefs wamechukua ubingwa 2023, wakachukua tena 2024, na hakuna timu iliyowahi kuchukua Super Bowl mara tatu mfululizo, mwaka huu wataandika historia.

Nami, mwalimu wa dini, nikasema hivi, maneno yangu nayakumbuka yote: "Kama wamechukua mara mbili mfululizo, hata asiyejua mpira huo atasema watachukua tena. Lakini usiweke pesa, mdogo wangu."

Alisikia sentensi ya kwanza. Ya pili haikufika Ohio.

Mechi ilichezwa New Orleans Jumapili tarehe 9 Februari. Kwetu ilikuwa imeshakuwa Jumatatu, saa nane na nusu usiku. Mimi nililala. Baada ya Alfajiri nilikuwa bado nimekaa msikitini na darasa dogo tulilonalo, simu ikatetemeka mfukoni. Kulikuwa na ujumbe mmoja: "Ustadh, wamefungwa." Eagles 40, Chiefs 22. Nilipokuja kusoma habari zake nikaona kwamba mpaka mapumziko ilikuwa 24 kwa sifuri, na ikafika 34 kwa sifuri kabla Chiefs hawajapata hata pointi moja. Kijana alikuwa ameweka dola 1,900. Alichukua kauli yangu kuwa ishara. Alisema hivyo mwenyewe, bila kunilaumu, na kutonilaumu kwake ndiko kulikoniumiza zaidi.

Abubakar na ushindi wa Warumi

Siku chache baadaye tulizungumza kwa kirefu. Nilitegemea majuto. Nikapata hoja, na hoja yenyewe alijifunza darasani kwangu! Akasema: "Lakini Ustadh, Abubakar Swiddiq (r.a.) naye aliweka dau juu ya nani atashinda."

Ni kweli, na ni kisa cha kusimuliwa vizuri kwa sababu kuna watu wengi sasa wanakiokota nusu nusu. Waajemi waliwashinda Warumi, wakateka Baitul Maqdis mwaka 614. Washirikina wa Makka wakafurahi, kwa kuwa Waajemi hawakuwa watu wa Kitabu, na Warumi walikuwa Wakristo, watu wa Kitabu kama wanavyodai hawa Waislamu. Ikashuka Suratur-Rum. Aya zake za mwanzo zikatangaza kwamba Warumi wameshindwa katika nchi ya karibu, na kwamba baada ya kushindwa huko watashinda, katika miaka michache. Neno lililotumika ni bidh'i, na Waarabu hulitumia kwa baina ya tatu na tisa.

Hebu fikiri namna kauli hiyo ilivyosikika Makka. Dola ya Warumi ilikuwa imelala chali. Hakuna mtabiri wa dunia ambaye angetia senti moja upande wao. Abubakar (r.a.) akatoka akaitangaza, washirikina wakamcheka, wakapigiana naye dau la ngamia na wakaweka muda. Abubakar akakubali muda mfupi. Muda ukapita na Warumi hawajashinda. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba angeuacha muda ufike chini ya kumi, kwani neno la Qur'an lina upana huo. Kisha ikawa kama alivyosema Allah. Mfalme Heraclius akapindua vita, na Desemba 627 akawavunja Waajemi karibu na magofu ya Ninawi.

Sasa, mdogo wangu wa Columbus na wewe msomaji, tukitazame kisa hiki bila haraka. Abubakar hakubahatisha. Hakusema "naona" wala "nadhani", alikuwa na kauli ya Mwenye kuumba Warumi na Waajemi. Wewe unayo kauli ya nani? Ya mchambuzi wa televisheni aliyevaa tai. Na kwa masikitiko, ya mwalimu wako wa sekondari ambaye hajawahi kuiona mechi hata moja ya mchezo huo.

Kisha Tirmidhi aliyepokea kisa hiki amebainisha kwamba ilikuwa kabla kamari haijaharamishwa. Pombe pia ilikuwa ikinywewa wakati huo, na hakuna anayesema leo anakunywa kwa kumfuata Sahaba fulani wa miaka ile ya Makka. Na baadhi ya wafasiri wamenakili kwamba Abubakar alipochukua ngamia wale aliamrishwa awatoe sadaka.

Sitaki kuficha kwamba wanavyuoni wana maneno zaidi hapa. Ibn al-Qayyim katika kitabu chake Al-Furusiyya ameitetea rai kwamba hukumu ya kisa hiki haijafutwa, kwa kuwa dau lile lilikuwa la kuidhihirisha haki ya Uislamu, kama mashindano ya farasi na mishale yanavyojenga nguvu ya umma. Inapokewa hadithi kwamba zawadi ya mashindano haifai isipokuwa katika ngamia, farasi na mishale, naye anaingiza hoja ya dini katika mlango huo. Kukubali rai hiyo au kuikataa hakumfai kitu mcheza kamari. Chiefs wakishinda, haki gani ya Uislamu imedhihiri? Na wapo wanaonong'onezana huko ughaibuni kwamba Abu Hanifa aliruhusu kuchukua mali ya wasio Waislamu kwa njia hii katika nchi isiyo ya Kiislamu. Rai hiyo ipo vitabuni, sitamzulia Imamu mkubwa kwamba haipo. Lakini mwanafunzi wake Abu Yusuf aliikataa, na maimamu wengine watatu hawakuwa nayo, akiwemo Imamu Shafii ambaye sisi wa pwani hii tumelelewa katika madhehebu yake. Na hata waliokuwa nayo walisema ni pale Muislamu anapokuwa ndiye mwenye kupata. Kijana wetu alipata dola sitini na akatoa 3,400. Kama kuna mali iliyochukuliwa, ni yake.

Sokwe, pweza na wauza mikeka

Nilipofika hapo kijana alinyamaza, kisha akaniuliza swali zuri: "Basi kukisia tu bila pesa ni haramu?" Hapana. Mtu kusema kwa alivyoona dalili kwamba timu hii ina nguvu, au mawingu haya yataleta mvua, au mgonjwa huyu ataamka, hilo ni rai, na mwenye adabu huifunga kwa inshaallah kama Suratul-Kahf aya ya 23 na 24 zinavyotufunza. Ubaya unaanza rai inapovaa nguo za ujuzi wa ghaibu, au inapotiwa fedha ikawa kamari. Suratu Luqman aya ya mwisho imetaja mambo ambayo funguo zake ziko kwa Allah peke yake, na mojawapo ni kwamba hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho. Kwa mcheza kamari sijui kama kuna maneno yanayomgusa moja kwa moja kuliko hayo.

Wamarekani, pamoja na sayansi yao, wana mambo ya ajabu katika hili. Mwaka 1978 mwandishi mmoja wa michezo, Leonard Koppett, aligundua kwamba kila Super Bowl iliyokuwa imechezwa mpaka hapo ilifuatana na soko la hisa: ikishinda timu yenye asili ya ligi ya zamani, hisa zinapanda mwaka huo, ikishinda timu ya ligi ile nyingine, zinashuka. Aliandika kama mzaha. Watu wa fedha wakauchukua mzaha ule kwa miaka. Februari 2008 wakashinda New York Giants, timu ya ligi ya zamani, na kwa kanuni hiyo mwaka ulitakiwa uwe wa neema. Msomaji anakumbuka mwaka 2008 ulivyokwisha, mabenki yakianguka na hisa zikiporomoka. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakimfukuza ndege watazame ameruka kulia au kushoto ndipo wasafiri. Mtume (s.a.w.) akaja akakanusha nuksi na mikosi ya namna hiyo. Ndege yule amerudi, safari hii anatua kwenye soko la hisa.

Halafu kuna wanyama. Pweza Paul wa Ujerumani alisifika dunia nzima kwa Kombe la Dunia la 2010, mechi nane akapatia nane. Kwenye bustani ya wanyama ya Hogle, Salt Lake City, kulikuwa na nyani mkubwa wa jamii ya orangutani aliyeitwa Eli, naye alipatia mshindi wa Super Bowl miaka saba mfululizo mpaka 2014. Kijana aliniuliza, sasa hiyo nayo bahati? Nikamwambia achukue kalamu. Uwezekano wa kupatia mara saba kwa kurusha sarafu ni mmoja katika 128. Nchi ile ina bustani za wanyama ngapi, na mbwa, kobe na tembo wangapi wanaowekewa vikapu viwili kila Februari? Wakiwa 128, mategemeo ni mmoja wao atapatia yote saba. Huyo ndiye utakayemuona gazetini. Wale 127 hutawasikia.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa kutuibia. Hapa kwetu kuna watu wanaouza "mechi za uhakika" kwa simu, kijana analipa elfu tano anatumiwa mkeka. Na zipo kama hizo Marekani, kijana wangu alikuwa analipia moja. Mjanja anaanza na watu 128. Nusu anawaambia timu hii, nusu anawaambia ile. Waliopata ukweli, 64, anawagawa tena. Wanabaki 32, kisha 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2. Mwisho anabaki mtu mmoja aliyeambiwa ukweli mara saba bila kukosea, na mtu huyo atauza hata pikipiki yake ili anunue utabiri wa nane. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu makuhani ambao wakati mwingine husema kitu kikawa kweli, alieleza kwamba jini hunyakua neno moja la kweli na kulitia sikioni mwa rafiki yake, nao wakalichanganya na uongo zaidi ya mia. Watu hulikumbuka lile moja. Na Mtume mwenyewe, katika Suratul-A'raf aya ya 188, aliamrishwa aseme kwamba lau angelikuwa anajua ghaibu angelijizidishia kheri nyingi. Basi muulize muuza mkeka: kama unajua, kwa nini unaniuzia mimi kwa elfu tano badala ya kuweka wewe ukawa tajiri?

Nikiwa hapo niseme jambo linaloniudhi. Neno letu kubashiri linatokana na bishara, habari njema, na Bashiri ni katika sifa za Mtume wetu. Leo limebandikwa kwenye mabango ya kamari kila kona ya mji.

Turudi kwenye hesabu, maana vijana wanasema wao hawabahatishi, wanachambua. Marekani kawaida ya dau ni kuweka dola 110 ili upate faida ya 100. Ukicheza mara 21, ukapatia 11 na kukosea 10, umepata 1,100 na umepoteza 1,100. Yaani umeshinda mara nyingi kuliko ulivyoshindwa na mkononi huna kitu. Kampuni haihitaji kujua nani atashinda. Inayo sehemu yake katika kila dau, na subira.

Na uchambuzi wenyewe una mwisho. Tarehe 12 Januari 1969, Baltimore Colts walipewa nafasi kubwa mno, New York Jets wakawafunga 16 kwa 7. Tarehe 3 Februari 2008, New England Patriots waliingia fainali wakiwa wamecheza mechi kumi na nane bila kufungwa hata moja. Wakafungwa 17 kwa 14. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Adhbaa, ngamia wa Mtume (s.a.w.). Alikuwa hashindwi mbio. Akaja bedui mmoja na ngamia wake mchanga, akampita. Sahaba wakaona uzito mkubwa vifuani mwao, mpaka Mtume (s.a.w.) akaliona hilo nyusoni mwao, akawaambia kwamba ni haki juu ya Allah kutokinyanyua kitu cha dunia ila atakishusha. Ameipokea Bukhari. Hadithi hii nimeisomesha labda mara ishirini. Usiku ule wa Alhamisi, nilipoambiwa kuhusu timu iliyochukua mara mbili mfululizo, haikunijia.

Ndiyo maana nilisema mwanzo kwamba mimi nimo. Kauli ya mwalimu si kama kauli ya mtu wa kijiweni. Watu wanatupa uzito ambao sisi wenyewe hatuna, na tunaupenda, tuseme kweli. Ukiulizwa kuhusu siasa unajibu, kuhusu dawa unajibu, kuhusu mpira wa Marekani unajibu. "Sijui" imekuwa neno zito kwetu kuliko jiwe. Abubakar (r.a.), pamoja na kwamba alikuwa na aya mkononi, alipoweka muda kwa rai yake muda ule haukutimia. Mimi sikuwa na aya.

Nilikwenda kwa sheikh wangu, mzee aliyenisomesha kabla sijaingia chuo kikuu, nikamueleza. Nilimuuliza kama nina dhamana ya zile dola. Akasema hapana, kwa sababu nilimkataza kuweka na aliyeweka ni mtu mzima mwenye akili yake. Nikamkumbusha hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba anayemwambia mwenzake njoo tucheze kamari, kwa kauli hiyo tu, na atoe sadaka. Nikamuuliza je, mimi niliyesema nani atachukua? Mzee akacheka, akasema hadithi hainihusu kwa matamshi yake, lakini kama moyo unaniwasha nitoe, sadaka haijawahi kumdhuru mtu. Nikatoa.

Kijana naye nilimwambia atoe, akasema hana cha kutoa. Zilibaki dola 700. Tukakubaliana dola kumi, akazipeleka kwenye msikiti anaoswali. Na kwa kuwa programu ile aliyoifuta kwenye simu unaweza kuirudisha kwa dakika mbili, alijiandikisha katika utaratibu uliopo Ohio wa mtu mwenyewe kuomba azuiwe kucheza kamari. Akachagua miaka mitano. Nilimsihi afanye hivyo, na nawasihi jamaa wenye vijana huko wawaulize kama wanaujua utaratibu huo. Kutubia ni wajibu, na mwenye kutubia anafunga na mlango.

Mwezi Septemba 2025 msimu wao ulipoanza tena alinipigia. Hakuniuliza habari za timu, wala mimi sikumuuliza. Alisema akiba imefika dola 2,050. Mkewe wa Tanga bado alikuwa anajua kwamba ni zaidi ya 5,000, na alikuwa ameshaanza kuaga majirani. Nikamuuliza atamwambia lini. Akasema, "Ustadh, hilo nalo ninaliswalia istikhara." Nikamwambia hilo halina istikhara, apige simu leo. Akasema inshaallah.